Sufuria Iliyozaa Kombe

1 Desemba, Jumatatu

Ziwa limefungwa leo ili samaki wazaliane. Mpaka mwezi wa tatu hakuna kutupa nyavu. Wanaume wamevuta mitumbwi yao mchangani, na hata saa sita haijafika tayari wanazurura sokoni wakishikashika nyanya wasizonunua.

Mwalimu Taonga wa sekondari, ambaye pia ni katibu wa timu ya raga, amepita kwenye meza yangu ya maharagwe akanipa daftari hili. Anataka niandike ninachokumbuka kuhusu kombe. Kurasa mbili zitatosha, kasema. Daftari lenyewe lina kurasa tisini na sita. Mwalimu ni kijana mzuri, lakini hajui amemkabidhi nani.

Mimi ni Cadette, mke wa Ruffin fundi wa sufuria. Tulivuka ziwa kutoka Pweto mwaka 2017, tukikimbia vita, tukakaa hapa Nchelenge. Kombe linaloshindaniwa na Nchelenge na Mununga kila mwaka ziwa likiwa limefungwa limetokana na sufuria yangu. Hilo ndilo la msingi. Mengine nitaandika nikipata nafasi.

3 Desemba

Mvua. Sikuuza kitu.

4 Desemba

Nimepata nafasi.

Februari ya mwaka 2018 ziwa lilikuwa limefungwa kama sasa, na vijana wa huku na wa Mununga walikuwa wanapigana kila wanapokutana, kisa nyavu. Mwalimu aliyekuwepo kabla ya Taonga, mtu wa Mufulira, akawaambia kama lazima muumizane basi umizaneni kwa sheria. Akawafundisha raga. Mpira alikuja nao kwenye begi. Kombe liliahidiwa kutoka mjini, halikufika. Siku tatu kabla ya mechi wakaja kwa Ruffin: wewe si unayeyusha alumini, tutengenezee basi. Ruffin hakuwa na hata kipande, maana mvua ilikuwa imekata barabara na vyuma chakavu haviji. Mmoja akasema itoke sufuria jikoni kwa mtu. Wanaume wote wakatazama miguu yao.

Mimi nikasema chukueni yangu.

Ilikuwa sufuria ya mama yangu. Nene, ya zamani, alinunua Likasi akiwa msichana. Sikio moja lilivunjika likafungwa kwa waya wa shaba. Mama alipofariki sikuchukua kitanda wala kiti, nilichukua sufuria. Tulipokimbia niliibeba kichwani, na Mujinga wangu, aliyekuwa na mwaka mmoja, aliogea humo njia nzima. Kwa hiyo nilipoitoa nililia, sioni aibu kusema. Ruffin akaitia kwenye gunia akaenda nayo kwenye tanuru lake kule ufukweni. Kesho yake jioni akarudi na kombe.

Tangu hapo ikawa desturi. Timu inayoshindwa inatoa sufuria moja iliyopikiwa, si mpya, kutoka jikoni kwa mke au mama wa mchezaji. Ruffin anaiyeyusha, anaongeza pete moja chini ya kombe, na kwenye pete anapiga jina la mwanamke huyo kwa msumari. Alumini inayobaki anaifanya mwiko, unapewa walioshinda, ili wakoroge bukari yao, yaani ugali, kwa sufuria ya wenzao. Watu wa Mununga wana miiko mitano yetu na hawachoki kututajia.

Pete zimefika nane, majina manane. Tumbo la kombe ndilo halina jina, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyefikiria. Mwaka huu kamati imefikiria. Jina litapigwa kabla ya mechi ya tarehe 28 Februari, na historia ya kombe itasomwa mbele ya watu wote. Miaka minane nimesubiri bila kuomba. Sitaki kuonekana mtu wa kutafuta sifa. Ila herufi ziwe kubwa.

7 Desemba, Jumapili

Kanisani Memory alikaa mbele yetu na mwavuli wake mwekundu. Mwavuli ndani ya kanisa! Memory ni mjane anayekaa kijiji cha Kafutuma, mchuuzi wa samaki wakavu, anawafuata hadi kisiwani Chisenga. Ana mwanya kwenye meno ya juu na anajua kuutumia. Halafu sijaona mwanamke ambaye sufuria zake zinatoboka kama za huyu. Kila baada ya wiki mbili yuko kwa Ruffin na sufuria, ama kifuniko, ama sikio limelegea. Mimi ni mke wa fundi na sufuria zangu hazitoboki hivyo.

12 Desemba

Mvua. Ruffin ameacha nusu ya bukari.

13 Desemba

Amemaliza sahani. Sombe, majani ya muhogo, niliitia mafuta mengi.

16 Desemba

Ameacha nusu. Nilimuuliza kama amekula mahali. Akasema joto la tanuru linamwondolea njaa. Tanuru hilo hilo lilikuwepo tarehe 13.

20 Desemba, Jumamosi

Nimekasirika hata mkono hauandiki vizuri.

Taonga alikuja nyumbani, akavua kofia, akakataa kiti. Mtu akianza kukataa kiti ujue ana jambo.

“Bana Mujinga,” akasema, maana huku ndivyo wanavyomwita mama ya Mujinga, “kuko shida kidogo. Mutu mumoja ananiambia sufuria ya kwanza haikuwa yako.”

“Mutu gani?”

“Ba Felistus wa ku Kafutuma. Mudogo wa ba Memory. Anasema ilikuwa ya dada yake.”

Nilicheka kwanza. Kweli nilicheka. Nikamuuliza Memory mwenyewe anasemaje.

“Nilienda kumuuliza. Alicheka tu. Akasema andika vile Bana Mujinga anasema.”

Yaani ananiruhusu! Mimi niliyelia machozi ya kweli niandikwe kwa ruhusa ya Memory! Taonga akaniambia nisihangaike, atamuuliza fundi mwenyewe, fundi ndiye aliyeyeyusha. Nikasema ndiyo, muulize, muulize hata sasa hivi.

Ruffin aliporudi nilimrukia kabla hajanawa mikono.

“Baba Mujinga, weye ulikuwa pale. Sufuria ya kombe ilikuwa ya nani?”

Akainama kufungua viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

“Ile ni ya kitambo,” akasema. “Acha batu baseme.”

Hilo si jibu. Nimeishi na mwanaume huyu miaka kumi na mbili, akiwa na jibu analitoa.

25 Desemba

Krismasi njema. Memory ametuma kapu zima la uyoga, uyoga wa porini ule mweupe mkubwa. Niligawia majirani wote ili waone sina shida ya uyoga wake. Kidogo kilichobaki nimekila jikoni peke yangu, nimesimama. Ulikuwa mtamu sana, ndicho kilichoniudhi.

2 Januari

Mvua siku ya tatu. Mwaka mpya umeanza na matope. Ameacha nusu.

9 Januari, Ijumaa

Nilimpelekea Ruffin chakula kwenye tanuru, jambo ambalo huwa silifanyi. Memory alikuwa pale, ameketi juu ya gunia la makaa, kifuniko magotini. Walikuwa wanazungumza. Waliponiona wakanyamaza wote wawili, halafu wote wawili wakaanza kunisifia kwa kuja kwenye mvua.

Kombe lilikuwa pale kwenye rafu, limeletwa lisafishwe. Nililishika. Nimezoea kulishika kama mtoto wangu, huwa napitisha kidole tumboni nikisema moyoni, mama, unaona ulipofika. Leo nilipitisha kidole na Memory ananitazama, na sura yake ilikuwa na huruma.

Mimi wa kuhurumiwa na mwenye mwavuli.

17 Januari, Jumamosi

Naandika yote, hata kama Mujinga analia njaa. Baba yake atamnunulia mandazi.

Berthe wa kwaya amejifungua kwenye kituo cha afya cha Kafutuma. Tulienda wanawake watano kumwona. Mtoto mzuri, tuliimba kidogo. Wakati wa kurudi mvua ikatukuta njiani, mvua ya kweli, ile ya kukufunga macho. Memory akatoka mlangoni kwake akapiga kelele tuingie. Wenzangu wakakimbia ndani. Ningebaki mvuani, lakini wangeniuliza kwa nini.

Jikoni, Felistus alikuwa ameinjika viazi vitamu. Nikaona sufuria. Kwanza niliona mvuke tu. Halafu nikaona sikio, na kwenye sikio waya wa shaba umezungushwa mara saba, na ncha imekunjwa kuelekea ndani ili isichome mkono. Ncha hiyo aliikunja mama yangu kwa meno ya koleo la jirani, mimi nimesimama pembeni nikiwa na miaka sita.

Niliketi. Felistus akanitazama, kisha akatazama sufuria, kisha akatazama nje kana kwamba mvua inamhusu sana. Memory aliingia na sahani, akaona ninachotazama, akasimama. Kisha akagawa sahani kwa haraka. Wenzangu walikuwa wanacheka na kumenya viazi, na mimi nilipewa kiazi kilichochemshwa kwenye sufuria ya mama yangu na nikakila, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Nimerudi. Nimefikiria njia nzima, na kokote nilikogeukia niliishia pale pale. Mwanaume ambaye anachukua sufuria ya mkewe, sufuria ya mama ya mkewe, akamwambia inakwenda motoni, halafu akaipeleka jikoni kwa mwanamke mwingine, mwanaume huyo anakula huko. Nani anampa mwanamke sufuria asile? Sasa naelewa nusu ya bukari. Miaka minane nusu yangu, nusu yake.

Ruffin yuko nje anafunga kuni. Anapiga mluzi.

18 Januari

Sikwenda kanisani.

19 Januari

Sikupika.

20 Januari

Sikupika. Ruffin amejaribu kupika maharagwe, yameungua. Amekula hivyo hivyo, na amemaliza sahani, mnafiki.

21 Januari

Taonga amepita. Anasema fundi amemwambia aandike jina la mkewe, basi jambo limekwisha, hongera. Nikasema asante. Alitaka daftari. Nikamwambia sijamaliza.

24 Januari, Jumamosi

Leo nimemwambia.

Nilingoja Mujinga aende kwa wenzake, nikafunga mlango, nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi makali. Yalitoka machache.

“Niliona sufuria ya mama. Iko kwa Memory.”

Ruffin akaweka chini kikombe chake. Alitazama mikono yake, ile mikono yenye makovu ya alumini, akaisugua hata nikataka kumrushia kitu.

“Nilifika kule ku tanuru na ile gunia,” akaanza. “Memory alikuwa pale. Wakati ule alikuwa anakaa pale pale pembeni, haikuwa Kafutuma. Akaniona naitoa mu gunia, akauliza, ni ya nani? Nikamuambia ni ya mama ya Cadette, bibi yangu, na mama alishakufa. Akasema, awe, hapana, kitu ya mama ya mutu habayeyushe. Akaingia kwake, akatoka na yake.”

“Yake ya nini? Alikuwa nazo ngapi?”

“Ilikuwa moja, kubwa. Bwana yake alikuwa amekufa mu maji mwezi wa kumi na moja, kule Chisenga. Mu ile sufuria alikuwa anamupikia yeye na batu yake ya mashua. Akasema, sasa mimi napikia nani mu kitu kubwa vile? Yeyusha hii.”

“Bongo! Ni uongo.”

“Kweli kabisa, Cadette. Muulize.”

“Na yangu? Juu ya nini haukunirudishia yangu?”

Hapo sauti yake ikabadilika.

“Nilileta. Ile ile magaribi. Nilifika nayo mupaka ku mulango. Weye ulikuwa na bale ba mama majirani, ulikuwa unabaambia vile sufuria yako inaenda kuwa kombe, vile batu watalibeba juu. Ulikuwa unacheka. Kutoka Pweto haukukuwa umecheka, hata siku moja. Nilikuwa nafikiri labda hautacheka tena. Nikasimama pale na gunia. Nikaona nikiingia nayo, ile kicheko itaisha. Basi nikarudia nayo kwa Memory, nikamuambia, nibekee siku mbili.”

“Siku mbili!”

“Kila siku ulikuwa unaongeza ile habari,” akasema. “Ningeisema wakati gani?”

Nikamuuliza kama amewahi kula kwake. Akasema mara moja, matanga ya mama yake Memory, na mimi nilikuwepo. Ni kweli, nilikuwepo. Nikamuuliza mbona basi anaacha bukari. Akasema jino. Akafungua mdomo akanionyesha. Jino la nyuma limeoza lote, sijui anavumiliaje.

Nimeamini. Ningependa nisiamini, lakini nimeamini.

25 Januari

Nilidhani leo nitaamka mwepesi. Hakuna mwanamke mwingine, kuna jino tu. Basi mbona kifua bado kinawaka?

Kwa sababu alijua. Kila mechi, mara nane, nilisimama pembeni ya uwanja mikono kiunoni, kombe likiinuliwa nikawaambia watu kulia na kushoto, ile ni sufuria yangu, ile ni ya mama yangu, nililia lakini nikatoa. Na Memory amesimama palepale na mwavuli, analiangalia, mle ndani mna mumewe na mashua yake yote. Na ananipigia makofi. Nakumbuka vizuri, mwaka juzi alipiga makofi kuliko wote, na mimi nikafikiri, huyu anajipendekeza kwa Ruffin.

Afadhali angeniibia mume. Ningejua la kufanya.

30 Januari

Mvua. Ruffin amekwenda hospitali, jino limeng'olewa. Uji.

8 Februari, Jumapili

Memory alikuja mwenyewe baada ya ibada. Sufuria ilikuwa kichwani, kwa hiyo mwavuli hakuushika, na alikuwa amelowa hadi kitambaa cha kichwa kinachuruzika. Ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Aliiweka mlangoni, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa huku wakisalimia.

“Bana Mujinga, nimeileta.”

Sikumkaribisha ndani. Naandika ukweli, sikumkaribisha. Tulisimama kwenye ukingo wa paa, maji yanaanguka nyuma yake.

“Ulikuwa unapikia?” nikauliza. Miaka minane, na hilo ndilo lililonitoka kwanza.

“Siku ya bageni tu. Siku ingine hapana, mukwai,” akajibu kwa heshima. “Napikia mu bile bya duka byepesi, binatoboka kila siku.”

Basi ndiyo maana. Alitoa ile nzito akabaki na za bati, na mimi nikazihesabu tundu zake kama dhambi.

“Juu ya nini haukusema?” nikamuuliza. “Hata mwalimu alipokuja kwako. Ni jina lako.”

“Andikeni yako tu. Mimi na ile sufuria tuliagana.”

“Ulinihurumia.”

“Awe. Nilikuwa na hasira, mama. Bwana wangu amekufa, na kila mutu ananiletea unga, ananiambia pole. Nilichoka kupewa. Nilitaka na mimi nitoe kitu. Ni sufuria yako iliyokuwa pale.” Akajifuta uso kwa kanga. “Ingekuwa ya mwingine ningempa mwingine.”

Hata hapo alinishinda. Ningeweza kumchukia mtu anayejiona mwema. Huyu hajioni.

Akaaga, akaenda na mvua yake. Nilibaki na sufuria mikononi, nikaingiza uso ndani nikanusa. Inanuka viazi vya watu wengine.

9 Februari

Nimepika sombe ndani yake. Mujinga ameuliza hii tumeipata wapi. Nikamwambia ilikuwa safarini. Ruffin anatafuna upande mmoja, ananitazama kama mtu anayengoja hukumu. Nimemwongeza mboga, basi, ajue anavyojua.

14 Februari

Mvua usiku, jua mchana. Vijana wameanza mazoezi kila jioni, wanarudi wamejaa matope kama nguruwe. Boyd nahodha wetu ameteguka bega, wamelirudisha pale pale uwanjani na ameendelea. Watu wa Mununga wametuma salamu: tuandae sufuria mapema.

Nimewaza hivi. Nina sufuria. Jina nalo ni langu, kamati imekubali, Ruffin amekubali, Memory amekubali. Felistus anaweza kusema anachotaka, nani atamsikiliza Felistus dhidi ya dada yake mwenyewe? Nina vyote viwili. Mwanamke mwenye akili angenyamaza akashukuru.

15 Februari

Sishukuru.

18 Februari

Sokoni jirani yangu wa meza ameniuliza nitavaa nini siku ya kombe. Kitenge kipya au kile cha kijani? Amesema lazima nipewe kiti mbele. Nikamwambia kile cha kijani. Nikaona aibu hadi nikampunjia mteja maharagwe bila kukusudia, nikamkimbilia kumwongeza.

21 Februari

Taonga amenisomea historia aliyoandika. Imeandikwa vizuri. Mimi nimo, na machozi yangu, na Likasi, na mashua ya kutoka Pweto. “Bila mama huyu,” ameandika, “kombe lisingekuwepo.” Alisoma kwa sauti ya darasani, akaniangalia kama nimefurahi. Nikasema ni nzuri. Kwa kweli ni nzuri. Ni mimi mzima mzima, ila tu sikufanya.

27 Februari, Ijumaa

Jioni kamati walileta kombe kwa Ruffin lipigwe jina. Nilikwenda naye kwenye tanuru. Alilisimamisha kwenye mchanga katikati ya miguu yake, akachora herufi kwa makaa kwanza, kama anavyofanya siku zote ili zisipinde. C kubwa. Halafu A. Alichora jina langu lote, na lilienea tumboni vizuri kabisa, kama limepimiwa.

Akachukua msumari. Nikalowesha kidole gumba mate nikafuta.

“Cadette?”

“Nipe nyundo.”

“Hauwezi, itateleza.”

“Nipe.”

Akanipa. Nikachora mwenyewe, nikaanza kupiga. M ilikuwa mbaya, imeegemea kushoto. Nilipofika O tayari nimejigonga kidole mara mbili. Ruffin alishikilia kombe lisizunguke, na machozi yakamshuka hadi kwenye ndevu. Yule mwanaume analia kwa jambo lolote.

Nataka iandikwe wazi ili mtu asije akanisingizia wema. Sikufanya kwa upendo. Nilijaribu kuziona mechi nyingine nane, jina langu likiinuliwa juu, na Memory pembeni akinipigia makofi kwa moyo mweupe, na mimi na yeye tunajua nani alitoa na nani alipiga domo. Nisingeweza. Kama ni lazima nimwonee wivu mtu, heri nimwonee wivu kwa jina lililopigwa kwenye alumini. Hilo naweza kulikasirikia mchana kweupe, mbele za watu. Moyo wake sikuweza.

Herufi ya mwisho niliipiga kwa nguvu kuliko zote.

28 Februari, Jumamosi

Tumeshinda, kumi na saba kwa kumi na mbili. Watu wa Mununga wanatafuta sufuria. Niandike yaliyotangulia.

Kabla ya mechi Taonga alisimama na karatasi zake. Asubuhi nilikuwa nimemfuata nyumbani nikamwambia yote, na maskini alikaa na kalamu akifuta na kuandika hadi wachezaji walipoanza kuitwa. Alisoma jinsi sufuria ya kwanza ilivyotolewa na mjane ambaye alikuwa amemzika mumewe miezi mitatu tu. Alisoma kwamba mke wa fundi alikuwa radhi kutoa yake. “Alikuwa radhi.” Hilo aliliweka yeye, sikumwomba. Watu wakaanza kunigeukia. Jirani yangu wa meza alinitazama, akatazama na kitenge changu cha kijani. Kuna waliocheka, niliwasikia. Uso ulikuwa unawaka lakini nilisimama.

Ruffin akainua kombe, jina likaonekana, limepinda, herufi za mlevi. Memory alikuwa upande wa pili wa uwanja. Kwanza hakuelewa. Felistus alimsukuma bega, akamwonyesha kwa kidole. Memory akaufungua mwavuli wake, na mvua haikuwepo, akajificha uso nyuma yake. Mwavuli ukawa unatetemeka.

Watu wakapiga makofi. Wavuvi wote, wa huku na wa Mununga, maana mumewe walimjua pande zote mbili, na wazee wengine walivua kofia. Yalikuwa makofi marefu kuliko yoyote niliyopata mimi kwa miaka minane. Kila kofi niliona linatolewa mfukoni mwangu. Na mimi nilipiga pia, mpaka viganja vikauma.

1 Machi, Jumapili

Ziwa limefunguliwa. Tangu alfajiri ni injini na kelele, ufukwe mzima unanuka petroli na watu wamesahau raga.

Memory alinikuta sokoni nikipanga meza. Tulisalimiana kwa urefu, habari ya nyumba, habari ya mtoto, habari ya jino la Ruffin. Hatukutaja kombe. Alizungukazunguka kidogo, akachezea mwavuli, halafu akatoa lililomleta.

“Bana Mujinga, Alhamisi batu ya mashua yangu, bale banaoniletea samaki, banatoka Chisenga. Ni kumi na mbili. Bile byangu bya duka habitoshe. Uniazime ile sufuria siku moja tu.”

“Hapana,” nikasema.

Lilitoka kabla sijafikiri. Akanitazama. Mimi nami nikamtazama, na sikuona sababu ya kulirudisha.

“Ile sufuria haitoke tena mu nyumba yangu,” nikamwambia. “Lete bale batu kwangu. Nitabapikia miye.”

Akasimama akipima kama nina hasira au la, na kama angeniuliza mimi mwenyewe nisingejua kumjibu. Kisha akauliza polepole kama na yeye anaweza kuja kula.

Nikamwambia aje mapema, anisaidie kumenya.